Sahani za Santuri Nazo ni Mali

Miongoni mwa mali zilizoorodheshwa katika mirathi ya baharia mmoja wa hapa Unguja, Mwenyezi Mungu amrehemu, zilikuwamo nyumba ya mawe yenye ghorofa moja, shamba la mikarafuu, cherehani, saa ya ukutani, na mwisho kabisa, chini ya sinia za shaba, mstari huu: sanduku moja la sahani za santuri, chakavu. Thamani iliyoandikwa mbele ya mstari huo haikutosha kununulia kilo tano za mchele. Marehemu aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na kwa mujibu wa sheria ya mirathi mali ilikuwa igawanywe mafungu manane: moja la mjane, moja moja la kila binti, na mawili mawili ya kila mtoto wa kiume. Hapakuwa na mzozo wowote mpaka siku alipotokea mfanyabiashara mmoja, mtu wa safari, akaomba kulifungua sanduku hilo, akazipekua sahani kwa muda usiozidi robo saa, kisha akatoa bei iliyoizidi thamani ile ya kwenye orodha mara kumi na tano.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika kabla ya mali. Mtoto mkubwa wa kiume alitaka fedha zipokelewe siku hiyo hiyo. Binti mdogo, ambaye ndiye aliyemuuguza baba yake hadi mwisho, aliuliza swali moja tu: ikiwa mtu huyu anatoa mara kumi na tano bila ya kubembelezwa, je, yeye ataziuza kwa mara ngapi? Swali hilo halikupata jibu, nasi tukaitwa. Si kwa ajili ya cheo, bali kwa kuwa inajulikana mtaani petu kwamba tunazo sahani zetu na kinanda cha kuzipigia.

Tunaleta habari hii katika safu yetu kwa sababu masanduku ya namna hiyo hayako katika nyumba moja tu. Visiwa hivi vimetoa mabaharia wengi, na baharia hakurudi mikono mitupu. Aidha, ndugu zetu watumishi wa serikali wanaopewa kazi ya kuthaminisha mali za marehemu huenda wakakutana na sanduku jingine kesho, na neno "chakavu" ni jepesi mno kuandikwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa ni kuzitenga. Sahani zilikuwa arobaini na moja. Thelathini zilikuwa za kale zaidi, nzito, zenye kuvunjika kama vyombo vya udongo, za kuzunguka mara 78 kwa dakika. Hizo zina elimu yake peke yake, nasi hatutazieleza leo ila kwa onyo moja: zisisafishwe kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao laki, na utomvu huo huyeyuka kwa spiriti, hata mwenye kudhani kuwa anaing'arisha sahani yake akawa anaiharibu kwa mkono wake mwenyewe. Zilizobaki, kumi na moja, zilikuwa ni za vinili, yaani zile nyepesi za kuzunguka mara 33 na theluthi moja, ambazo kampuni ya Columbia ya Marekani ilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Zote kumi na moja zilikuwa za muziki wa jazi.

Ami yao mmoja alituuliza kama ni za Dar es Salaam Jazz au za Morogoro Jazz. Swali lake lilikuwa na haki yake, kwani bendi zetu za dansi zilipenda sana kujipa jina hilo, na mtu aliyekulia katika dansi hana sababu ya kujua kwamba jazi yenyewe ni muziki mwingine, uliozaliwa na watu weusi wa Marekani. Lakini hizi zilikuwa jazi ya huko huko kwao, zilizonunuliwa katika bandari za huko na kubebwa chini ya kitanda cha meli.

Warithi walikuwa wamekwisha kuichagua ile waliyoiona kuwa ni tunu ya sanduku. Ilikuwa ni Kind of Blue ya Miles Davis, iliyotolewa mwaka 1959. Jalada lake lilikuwa zima, rangi haijapauka, pembe hazijakunjika. Na mtoto mkubwa wa kiume alikuwa amesikia kwamba hiyo ndiyo sahani mashuhuri kuliko zote za jazi. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo tulimwomba aitoe ndani ya jalada, kwa sababu sindano haipigi jalada.

Namna ya kuitazama sahani ni hii. Mtu aishike kwa ukingo na kwa lebo ya katikati, asiiguse kwa vidole penye mifereji, kwani mafuta ya mkono hunasa vumbi. Kisha aiweke chini ya taa moja kali na kuiinamisha polepole, ili mwanga uteleze juu yake kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mwanga wa chumba uliotawanyika huficha aibu zote. Taa moja huzifichua. Jua nalo litasaidia kwa dakika moja, lakini asiisahau sahani juani, kwani vinili hulegea kwa joto na kupinda, na iliyopinda ni shida kuinyoosha. Mikwaruzo myembamba kama unywele, inayoonekana lakini isiyohisika, mara nyingi haina madhara makubwa katika sauti. Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha unapopitishwa juu yake taratibu ndio wa kuogopwa, kwani huo utasikika mlio wake kila sahani inapozunguka, au utairusha sindano.

Kind of Blue ya marehemu haikuwa na mkwaruzo hata mmoja wa namna hiyo. Lakini mifereji yake ilikuwa imepoteza weusi wake wa kung'aa ikawa ya kijivu, hasa pale muziki unapokuwa na nguvu, na kulizunguka tundu la katikati palikuwa na alama nyingi za kutafutia ncha ya kinanda, zimejichora juu ya lebo kama nyayo za kuku. Alama hizo ni ushahidi usiosema uongo. Zinaonesha kwamba sahani imepigwa mara nyingi mno. Na weupe ule wa kijivu huonesha kwamba ilipigwa kwa sindano nzito au iliyokwisha. Sindano nzuri ya vinili hukandamiza kwa uzito wa gramu zipatazo mbili tu, ilhali kichwa cha gramafoni ya kutia ufunguo chaweza kukandamiza kwa zaidi ya gramu mia moja. Anayeipiga vinili kwa chombo hicho huilima. Tulipoiweka sahani hiyo kwenye kinanda, tarumbeta ilisikika inakwaruza kila ilipopanda. Mtoto wa kiume alisema huenda ni kinanda chetu. Tukambadilishia sahani nyingine, akanyamaza.

Tena sahani hiyo haikuwa ya chapa ya kwanza. Jambo hili wengi hawalijui. Sahani, kama kitabu, hupigwa chapa mara nyingi, na mnunuzi aliye mbali hulipia chapa ya mwanzo zaidi ya zile zinazofuata. Columbia katika miaka ile ilitumia lebo nyekundu yenye alama sita za mfano wa jicho, tatu kila upande; kuanzia mwaka 1962 alama hizo zikawa mbili. Ya marehemu ilikuwa na macho mawili. Mwenye kubahatika kupata nakala za mwanzo kabisa ataona pia makosa ya wachapishaji: katika jalada la nyuma jina la Cannonball Adderley limeandikwa kwa kukosa herufi, na majina ya nyimbo mbili za upande wa pili yamebadilishana nafasi. Kasoro hizo, ambazo katika barua ya serikali zingerudishwa kwa wino mwekundu, katika soko la sahani huongeza bei. Zaidi ya hayo, umashuhuri si uadimu. Mwaka 2019 Kind of Blue ilithibitishwa kuwa imefikia nakala milioni 5 kwa Marekani peke yake. Kitu kilicho katika nyumba milioni tano hakiwezi kuwa ghali isipokuwa kiwe cha mwanzo na kizima.

Sahani ya pili iliyotushughulisha ilikuwa Moanin' ya Art Blakey, iliyorekodiwa mwaka 1958 kwa kampuni ya Blue Note. Hapa mfanyabiashara wetu alikuwa amesimama kwa muda, kama binti alivyotueleza, na akaigeuza mara mbili. Tulitaka kujua alikuwa anatafuta nini. Kwa hakika alikuwa anasoma ule ukanda mtupu ulio kati ya mwisho wa muziki na lebo, ambamo wenye kiwanda huchora namba na alama. Katika sahani za Blue Note mara nyingi huonekana humo alama ya Rudy Van Gelder, fundi aliyezirekodi, na katika zile zilizopigwa na kiwanda cha Plastylite hadi mwaka 1966 huonekana pia herufi ndogo ya P iliyochorwa kwa mkono, ambayo wakusanyaji huiita "sikio" kwa jinsi ilivyojikunja. Ya marehemu ilikuwa na alama ya Van Gelder lakini haikuwa na sikio, na lebo yake ilitaja kampuni ya Liberty, iliyoinunua Blue Note. Basi ni chapa ya baadaye. Alama ya fundi pekee haitoshi, kwani kazi yake iliendelea kutumika kupigia chapa zilizofuata. Hata hivyo mifereji ilikuwa nyeusi na safi, na sauti yake ilijaa chumba, kiasi cha majirani wawili kuja mlangoni.

Inafaa sasa tuseme juu ya maneno ya kupimia, kwa sababu humo ndimo watu wanamodhulumiana. Jarida la Goldmine la Marekani, lililoanza mwaka 1974, lina daraja ambazo wauzaji wengi wa dunia huzifuata. Tukizitia katika lugha yetu, ya juu kabisa ni Kamilifu, na wenye uangalifu hawaitumii ila kwa sahani isiyopata kupigwa. Hufuata Karibu na Kamilifu, kisha Nzuri Sana na Zaidi, kisha Nzuri Sana, kisha Nzuri, na mwisho Mbovu. Msomaji atadhani kwamba sahani "Nzuri" ni nzuri. La, hasha. Katika daraja hizo, sahani Nzuri ni ile inayokwaruza kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kuruka. Na kushuka kwa bei ni kukubwa kuliko mtu anavyofikiri. Ikiwa iliyo Karibu na Kamilifu ina thamani ya shilingi 100,000, basi Nzuri Sana na Zaidi huhesabiwa kuwa ni kiasi cha 50,000, Nzuri Sana 25,000, na hiyo inayoitwa Nzuri baina ya 10,000 na 15,000. Jalada nalo hupewa daraja lake mbali, lisichanganywe na la sahani. Kwa hiyo mnunuzi akikwambia kwamba sahani zako ni "nzuri tu", huenda hakutukani wala hakusifu, anakutajia asilimia.

Kwa kipimo hicho Kind of Blue tuliipa daraja ya Nzuri, na tunakiri kwamba tuliona haya kumtazama mtoto mkubwa usoni.

Sahani ya tisa ilikuwa imewekwa kando na warithi wenyewe kwa kutupwa. Jalada lake lilikuwa limeliwa na mende upande wa mshono, chini limepanuka kwa unyevu, na nyuma yake kuna doa kubwa la chai. Lakini ndani ya jalada hilo marehemu alikuwa ameivisha sahani mfuko mwingine wa karatasi, na juu yake kitambaa cha pamba kilichoshonwa kwa mkono. Mjane alikitambua. Alikishona mwenyewe, akasema, katika mwaka wa kwanza wa ndoa yao, wala hakuambiwa ni cha nini.

Sahani hiyo ni Uhuru Afrika, ya mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn. Ilirekodiwa mjini New York mwezi wa Novemba 1960, mwaka ambao nchi kumi na saba za Afrika zilipata uhuru, na zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata wake. Muziki wake ulipangwa kwa ajili ya kundi kubwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, na maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Sehemu zake zina majina ambayo mtoto wa chuoni angeyasoma bila ya kufunzwa: ya kwanza ni Uhuru Kwanza, na ya mwisho ni Kucheza Blues. Miongoni mwa wapigaji wamo Max Roach na Babatunde Olatunji katika ngoma, Freddie Hubbard katika tarumbeta, na Yusef Lateef na Sahib Shihab. Binti mmoja aliuliza kama hao wawili wa mwisho ni Waarabu. Ni Wamarekani weusi waliosilimu. Mwaka 1964 utawala wa Afrika ya Kusini uliipiga marufuku sahani hiyo, ambayo haikuwa na silaha nyingine isipokuwa jina lake na sauti zake.

Ilikuwa na ukungu mweupe kama unga, na ndiyo maana walidhani imekufa. Ukungu ni adui wa kila nyumba ya visiwani, lakini ukiwa juu ya vinili na haujakaa miaka mingi mno, aghlabu huondoka. Tulitumia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, yale yauzwayo kwa ajili ya betri za gari, tukatia tone moja la sabuni ya vyombo, tukafuta kwa kitambaa laini kwa kuufuata mzunguko wa mifereji, kamwe si kwa kuikata. Tukaikinga lebo isilowe, tukasuuza, tukaiacha ikauke ikiwa imesimama. Chini ya taa ilionekana nyeusi kama kaniki mpya. Palikuwa na mkwaruzo mmoja tu wa kuhisika, upande wa pili, usiozidi urefu wa kucha ya kidole kidogo. Namba zilizochorwa katika ukanda mtupu ziliafikiana na za lebo ya Roulette na za jalada. Tuliiandika: sahani, Nzuri Sana na Zaidi, jalada, Mbovu.

Kisha tuliipiga. Mwanzoni mwake husikika maneno ya Hughes yakisemwa kwa Kiingereza na Brock Peters na kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, mwana wa Tanganyika, ambaye ndiye aliyeyafasiri. Ndani ya chumba kile, ambamo kwa wiki mbili palikuwa na maneno makali tu, hakuna aliyesema. Mjane alisikiliza mpaka ngoma zilipopokea, akasema kwamba msemaji huyo si mtu wa Unguja. Tukamwambia ni kweli, wa bara. Akasema, hata hivyo anatamka vizuri.

Ilibaki bei. Kosa la wengi ni kutazama bei anayoitaka muuzaji, na bei inayotakiwa si bei iliyolipwa. Mtu anaweza kuitundika sahani kwa milioni moja ikaning'inia miaka kumi. Orodha ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, huonesha bei ambazo nakala za chapa fulani zimepata kuuzwa, ya chini, ya kati na ya juu. Tulichukua ya kati, tukaishusha kwa kadiri ya daraja ya kila sahani na jalada lake, tukaondoa tena gharama za posta, kwani mnunuzi hayuko Darajani. Kila sahani ilipata mstari wake: jina, mpigaji, kampuni, namba, chapa, daraja ya sahani, daraja ya jalada, bei. Kazi hiyo ilituchukua usiku tatu pamoja na binti mdogo, ambaye hati yake ni nzuri kuliko yetu. Zile thelathini za kale tuliziorodhesha kwa majina na namba bila ya bei, mpaka apatikane mjuzi wake.

Tunasikitika kusema kwamba tulipoipeleka orodha hiyo katika ofisi iliyohusika, tuliambiwa kwanza kuwa fomu ina nafasi ya mstari mmoja tu kwa kila "sanduku na vilivyomo". Mtumishi mwenyewe alikuwa mpole, na hatuna neno naye. Lakini fomu ambayo humtenga mwenye haki na haki yake kwa sababu ya upana wa mstari ni fomu ya kurekebishwa, na tunawaomba wakuu wanaohusika waruhusu orodha ya nyongeza ipokewe katika kila mirathi yenye vitabu, sahani, picha au nyaraka za zamani, na athari hizo zisipangiwe bei na mtu asiyezifungua. Baada ya siku nne za kwenda na kurudi orodha ilipokewa, ikabanwa nyuma ya fomu.

Mfanyabiashara aliporejea alikabidhiwa nakala. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaomba kiti. Hakubishana na daraja yoyote isipokuwa moja, ambayo kwa kweli tulikuwa tumeipandisha kidogo, tukaishusha. Alinunua Moanin' na nyingine tano, na fedha alizotoa kwa hizo sita zilizidi zile alizokuwa ametoa kwa sanduku zima; zikagawanywa mafungu manane mezani, mbele yake. Kind of Blue aliiacha, na mtoto mkubwa wa kiume ameichukua kwa bei yake ndogo, akaitundika ukutani na jalada lake zima. Uhuru Afrika haikuwamo katika za kuuzwa. Binti mdogo aliiomba katika fungu lake, ikahesabiwa kwa bei tuliyoiandika, na tofauti akaikata katika fedha zake mwenyewe bila ya kuulizwa. Mfanyabiashara alimwomba tena alipofika mlangoni, akaongeza. Binti alimjibu kwamba jalada lake ni bovu sana, asingependa kumuuzia mtu kitu chenye doa la chai.